Simu ikianguka, sumaku ndiyo ya mwisho kulaumiwa

Holda ya sumaku, kile kishikio cha simu ndani ya gari, ikiangusha simu, wengi hukimbilia kutafuta nyingine yenye "sumaku kali zaidi". Wanaibandika palepale, kwa namna ileile, na siku chache baadaye simu imo tena sakafuni karibu na pedeli. Sumaku haikuwa na kosa.

Kati ya simu na gari kuna viungo vinne: kibati au pete iliyo mgongoni mwa simu, uso wa sumaku yenyewe, gololi inayoiwezesha holda kugeuka, na kile kinachoishika holda kwenye gari, iwe gundi au klipu. Kimoja kikilegea, vingine vitatu havisaidii kitu. Na kinacholegea mara nyingi ni cha kwanza au cha nne, yaani vile ambavyo mwenye gari alivifunga kwa mkono wake, wala si sumaku aliyoilipia.

Kilo zilizoandikwa kwenye boksi

Boksi litakuambia sumaku inavuta kilo moja, mbili, hata zaidi. Namba hiyo hupatikana kwa kuing'oa sumaku kwa kuivuta wima kutoka kwenye bamba nene la chuma, bila kitu chochote katikati. Ndani ya gari mambo hayako hivyo. Simu haing'olewi kuja kwako, inateleza kwenda chini. Kinachoizuia kuteleza ni msuguano, nao ni sehemu tu ya ule mvuto. Plastiki laini ikigusana na plastiki laini, chukulia robo. Uso wa mpira wa silikoni, ukiwa safi, hufika nusu na zaidi.

Tupige hesabu. Simu kubwa ya gramu 230 na kava la gramu 40 ni gramu 270. Sumaku ya kilo moja yenye uso wa plastiki laini, ikisimama wima kabisa, itazuia gramu 250 tu. Simu itateleza gari likiwa limeegeshwa. Weka uso wa silikoni, msuguano ukiwa 0.6, na sumaku ileile inazuia gramu 600. Sasa gari lishuke kwenye shimo na uzito wa simu uongezeke mara mbili kwa kufumba na kufumbua: ni gramu 540. Imeshika, lakini kwa shida.

Ilaze holda nyuma kidogo, nyuzi 30 kutoka wima, simu iwe kama imeegemea. Katika lile shimo lilelile, nguvu ya kuteleza inapungua kutoka 540 hadi karibu 470, na sehemu ya uzito wa simu inaongezeka kwenye mkandamizo juu ya sumaku, hivyo kizuizi kinapanda hadi karibu 760. Kwa kugeuza gololi tu, bila kununua chochote, umepata nafasi ya kutosha ya usalama. Kinyume chake nacho ni kweli: holda inayoinama mbele, kama zile zinazoning'inia kwenye kioo cha mbele, inafanya uzito wa simu uibandue badala ya kuikandamiza. Huko ndiko unahitaji sumaku kali kwelikweli.

Kwa hiyo ukiwa dukani, pitisha kidole kwenye uso wa sumaku kabla ya kusoma kilo. Kikiteleza kama kwenye sahani, irudishe holda. Kikikwama kidogo kama kwenye raba ya kufutia, hapo tuzungumze.

Jambo la pili linalokula nguvu ni nafasi. Sumaku hizi ni ndogo na nyembamba, na mvuto wake hushuka haraka mno kadiri chuma kinavyosogea mbali. Milimita moja ya kava katikati inaweza kula nusu ya nguvu. Milimita tatu, za yale makava mazito ya kuzuia simu isipasuke, zinabakiza kiasi cha kushika picha ukutani.

La tatu ni unene wa kibati. Chuma chembamba hushiba: kikishabeba kiasi chake cha sumaku, kinachobaki kinapita bure. Kibati cha milimita 0.3 kikiwekwa mbele ya sumaku kali kitashikwa hafifu kuliko cha milimita 0.5, hata kama sumaku ni moja. Ndiyo maana kubadili kibati wakati mwingine kunasaidia kuliko kubadili holda nzima. Na kiwe cha chuma kweli. Alumini haishikwi na sumaku, na baadhi ya vyuma visivyoshika kutu vinashikwa kidogo tu au havishikwi kabisa.

Kibati au pete

Kuna koo mbili za holda hizi, na kuzichanganya ndicho chanzo cha malalamiko mengi.

Ukoo wa zamani ni wa kibati. Holda ina sumaku nne au sita za duara zilizopangwa chini ya uso wake, nawe unabandika kibati cha chuma kwenye simu au kava. Inafanya kazi na simu yoyote, ya kampuni yoyote na ya mwaka wowote.

Ukoo wa pili ni wa pete. Apple waliileta pete ya sumaku, MagSafe, kwenye iPhone 12 mwaka 2020. Mwaka 2023 muungano wa makampuni unaosimamia viwango vya kuchaji bila waya ukatangaza Qi2, ambao umechukua mpangilio huohuo wa sumaku ili simu za makampuni mengine nazo ziutumie. Google wameiweka pete ndani ya Pixel 10 za mwaka 2025. Samsung kwenye Galaxy S25 wameamua tofauti: simu yenyewe haina sumaku, unahitaji kava lenye pete. Usidhani kila iPhone mpya inayo, pia. iPhone 16e haina pete, ingawa wenzake wa familia ya 16 wanayo.

Katika ukoo huu simu ina sumaku na holda ina sumaku, zimepangwa zivutane zikikaa katikati sawasawa. Ndiyo maana simu "inajipeleka" yenyewe mahali pake. Ukiipeleka simu yenye pete kwenye holda ya zamani ya sumaku sita, baadhi ya sumaku zitaivuta na nyingine zitaisukuma. Itashika kwa upande, itazunguka, kisha itadondoka. Holda si mbovu, ni ukoo mwingine tu.

Kama simu yako haina pete, unaweza kubandika pete kwenye kava. Hapa tazama vizuri unachonunua, kwa sababu zinauzwa za namna mbili zinazofanana: pete ya chuma kitupu na pete yenye sumaku ndani. Ya chuma ni nyembamba na itashika, lakini haitajipanga vizuri kama yenye sumaku na nguvu yake ni ndogo. Yenye sumaku ni nene zaidi na ina upande wa mbele na wa nyuma. Ikigeuzwa itaisukuma holda badala ya kuivuta. Kabla ya kubandua karatasi ya gundi, ishikize kwanza kwenye holda uone upande upi unavutwa. Ni sekunde tano.

Kava nalo lichague kwa jicho hilohilo. Kava la kawaida juu ya simu yenye pete linaiweka pete mbali na holda kwa unene wake wote. Kava lililotengenezewa MagSafe lina pete yake ndani, kwa hiyo sumaku inakuwa karibu na uso wa nje tena. Kwa gari, tofauti kati ya makava hayo mawili ni kubwa kuliko tofauti kati ya holda ya bei rahisi na ya bei ghali.

Kukibandika kibati

Kitafutie kwanza mahali pa mizani. Ilaze simu, ikiwa ndani ya kava lake, juu ya penseli, uisogeze mpaka isielemee upande wowote. Mstari huo uwekee alama. Kibati kikikaa hapo, simu haitazunguka kila ukipita kwenye tuta. Kamera za siku hizi ni nzito, hivyo mizani mara nyingi iko juu kidogo ya katikati. Ukikiweka kibati chini sana kwa sababu panapendeza, simu itashikwa, lakini ikilala kwa upana itajigeuza polepole kama mshale wa saa.

Ila kuna mambo mawili yanayokisukuma kibati kutoka katikati. La kwanza ni kuchaji bila waya. Koili ya chaji iko katikati ya mgongo wa simu, na kibati cha chuma juu yake kitazuia chaji au kitapata moto. Chaja nyingi hugundua chuma na kukataa kufanya kazi. Zile zisizogundua vizuri ndizo za kuogopa. Ukitumia kibati, sahau kuchaji bila waya, au kibati kiwe kwenye kava unalolivua kabla ya kuiweka simu kwenye chaja.

La pili ni malipo ya kugusisha simu. Antena yake kwenye iPhone iko juu kabisa, lakini kwenye simu nyingi za Android iko mgongoni, karibu na katikati au chini ya kamera. Kibati kikiifunika, simu itakataa kulipa na utaanza kuilaumu mashine ya dukani. Kijaribu kwa kukishikilia na ukanda wa tepu ya kawaida kwanza, ukalipe mara moja, ndipo ukibandike moja kwa moja.

Kukiweka kibati ndani, kati ya simu na kava, kunapendeza machoni, na wengi hufanya hivyo. Fanya hivyo kama kava ni jembamba, la milimita moja au pungufu, na kibati hakina ncha. Mchanga unaoingia humo hubaki humo, na kibati kinachocheza kitakwaruza mgongo wa simu. Kukibandika kwenye simu yenyewe ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo ngumu kuliko zote siku ya kukitoa, hasa kwenye mgongo wa kioo.

Gundi inataka subira

Hapa ndipo holda nyingi zinapofia. Tepu nene ya povu yenye gundi pande mbili, ile wanayotumia watengenezaji wazuri, ni kitu chenye nguvu ya ajabu ikipewa masharti yake. Watu huinyima masharti yote kisha husema ni mbovu.

Adui wa kwanza ni ile dawa ya kung'arisha dashibodi. Nyingi zina silikoni, na gundi haishiki silikoni. Dondosha tone la maji mahali unapokusudia kubandika. Likijikusanya kama shanga na kukimbia, dawa ipo. Osha kwa kitambaa na maji ya sabuni, suuza, kausha, kisha futa kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Futa kuelekea upande mmoja na ugeuze kitambaa, kwani ukizungusha papo hapo unaisambaza tu ile dawa. Jaribu spiriti kwanza mahali pasipoonekana: baadhi ya dashibodi zina rangi laini kama velveti ambayo spiriti huilainisha na kuibandua.

Adui wa pili ni umbo. Kitako cha holda ni bapa, dashibodi imepinda. Ukikiweka, kinagusa katikati tu na kingo zinaelea. Chukua ukanda wa karatasi ujaribu kuupenyeza chini ya kingo kabla hujabandua gundi. Ukipita pande mbili, sehemu hiyo haifai, tafuta nyingine. Baadhi ya holda huja na kitako kinachopindika, na kwa dashibodi za mviringo hicho ndicho cha kutafuta. Ngozi na vinyli laini yenye mishono viache kabisa. Gundi itashika vizuri tu, lakini kile inachokishika ndicho kitakachochubuka.

Kisha joto. Uso ukiwa na nyuzi joto kati ya 21 na 38 za Selsiasi ndipo tepu ya namna hii inaposhika vizuri. Chini ya 10 usibandike. Upashe uso kwa mashine ya kukaushia nywele kwanza. Juu ya dashibodi iliyochomwa na jua mchana usibandike pia, ngoja jioni. Bandua karatasi bila kuigusa gundi kwa kidole, weka mara moja bila kusogezasogeza, halafu kandamiza kwa uzito wa mkono kwa nusu dakika nzima. Nusu dakika ni ndefu kuliko unavyodhani, ihesabu.

Sasa acha. Katika joto la kawaida la chumba, gundi hii hufika karibu nusu ya nguvu yake baada ya dakika 20, sehemu tisa kati ya kumi baada ya saa 24, na yote baada ya saa 72. Atakayebandika asubuhi na kuondoka na simu juu yake saa hiyohiyo ameibandua kabla haijashika, na gundi iliyokwisha kunyanyuka kidogo hairudi. Kama unaweza, kitako kibandikwe peke yake na mkono wa holda ufungwe kesho yake.

Klipu za AC

Klipu inakwepa habari yote ya gundi, na hewa baridi ya kiyoyozi inapoza simu, faida ambayo holda nyingine nyingi hazikupi. Lakini kibao cha tundu la AC hakikutengenezwa kubeba mzigo. Ni plastiki nyembamba, na nyuma yake kuna kijiti chembamba kinachounganisha vibao vyote vigeuke pamoja. Klipu ya kubana tu, yenye meno mawili ya mpira, inaning'iniza simu kwenye kile kibao kimoja. Kila shimo linakizungusha kibao chini hadi kijiti kinavunjika, na tangu siku hiyo vibao vinageuka kila kimoja kwa njia yake.

Chukua klipu ya ndoano: inapita nyuma ya kibao, unaikaza kwa kuzungusha nati, na ina mguu unaoegemea ukingo wa chini wa tundu. Mguu ndio wenye kazi. Bila mguu huo uzito wote uko kwenye kibao, na ukiwepo uzito unaenda kwenye fremu. Kaza kwa vidole mpaka holda isicheze, basi. Koleo haina kazi hapa.

Kwa matundu ya duara, angalia kama duara zima linazunguka. Likizunguka, simu italigeuza. Na katika msimu wa baridi, tundu linalotoa hewa ya moto lifunge, vinginevyo unaichemsha simu inayochajiwa.

Gololi, nayo kwa kifupi: ikianza kuteremka yenyewe, fungua nati, futa mafuta kwenye gololi na kikombe chake kwa spiriti, funga tena. Ikiwa nati imefika mwisho na bado inacheza, ukanda mwembamba wa mpira kati ya gololi na kikombe utairudishia ukakamavu kwa muda. Mkono mrefu wa holda huongeza mtikisiko, kwa hiyo mfupi unaotosha ndio bora.

Mahali pa kuiweka

Kabla ya kubandika chochote tafuta maandishi SRS AIRBAG kwenye dashibodi, usukani, nguzo za pembeni mwa kioo cha mbele na chini ya usukani usawa wa magoti. Popote yalipo, na eneo lote mbele yake, si pa holda. Mfuko wa hewa ukifumuka, kitu chochote kilichobandikwa juu yake kinarushwa kama jiwe, na simu ya gramu 270 inayorushwa usoni haihitaji maelezo.

Baada ya hapo kaa kwenye kiti chako, funga mkanda, shika usukani kama kawaida. Simu iwe mahali ambapo jicho linateremka kidogo tu kutoka barabarani na mkono unafika bila bega kutoka kwenye kiti. Isizibe barabara, kioo cha pembeni wala taa za onyo. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili, pitisha gia zote, bonyeza swichi ya taa za dharura, fungua sanduku la glavu. Chochote kinachogusana na holda sasa, kitagusana nayo ukiwa kwenye mwendo. Sheria za kuweka kitu kwenye kioo cha mbele hutofautiana nchi hadi nchi, nyingine zinakataza kabisa eneo la mbele ya dereva. Dashibodi, chini ya mstari wa macho, ni mahali penye ugomvi mdogo.

Chaji na joto

Holda inayochaji bila waya ni raha, ila ijue hesabu yake. Kufikia wati 15 za MagSafe inahitaji adapta ya wati 20 yenye uwezo wa kutoa volti 9. Tundu la USB la redio ya zamani linatoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5. Simu yenye ramani wazi na mwanga wa skrini juu inaweza kula zaidi ya hizo, na ndiyo maana unafika na betri pungufu ingawa alama ya chaji iliwaka njia nzima. Weka adapta nzuri kwenye soketi ya volti 12.

Kisha joto. Apple wanaitaka iPhone itumike katika mazingira ya nyuzi 0 hadi 35, na ihifadhiwe isizidi 45. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hupita nyuzi 70. Kuchaji bila waya kunaongeza moto wake, ramani inaongeza, mwanga wa skrini unaongeza, kioo cha mbele kinaongeza. Simu itajilinda kwa kupunguza mwanga, kisha kwa kusimamisha chaji. Haijaharibika. Kwa safari ndefu ya mchana tumia waya, ambao hupoteza umeme mdogo kama joto kuliko kuchaji bila waya, na elekeza tundu la AC mgongoni mwa simu. Sumaku zenyewe, zile za neodimiamu za daraja la kawaida, huanza kupoteza nguvu isiyorudi zikipita nyuzi 80 hivi. Ukiegesha juani ng'oa simu, na kama holda inatoka, itie kivulini.

Sumaku inaharibu nini hasa

Picha na mafaili hayafutiki. Kumbukumbu ya simu haitumii sumaku, na hofu hiyo ilirithiwa kutoka enzi za kaseti na disketi.

Dira, kweli inavurugika. Gari likiwa kwenye mwendo huoni tatizo, kwa sababu ramani inajua unakoelekea kwa kulinganisha nukta za GPS zinazofuatana. Ukisimama kwenye makutano, hakuna nukta mpya, nayo inauliza dira. Dira inaielekea sumaku badala ya kaskazini, na mshale unageukia nyumba ya jirani. Usiutii. Soma jina la barabara, ondoka polepole, na baada ya mita chache mshale utakaa sawa. Ikiendelea kupotea hata nje ya gari, itoe simu kwenye holda na uizungushe hewani kwa umbo la namba 8 mara kadhaa.

Kamera zenye kutuliza mtikisiko hutumia sumaku na vihisio kuielekeza lenzi, kwa hiyo sumaku iliyo karibu inaweza kuufanya umakini wa picha uyumbe. Simu ikitoka kwenye holda hali hurudi. Kibati kinachobaki mgongoni kiwe mbali na lenzi. Simu zenye kalamu, kama Galaxy za Ultra, huwa na sehemu ya skrini isiyoitambua kalamu pale ilipo sumaku.

Kadi zenye ukanda wa sumaku, zikiwamo za kufungulia milango ya hoteli, zinaweza kufutika kweli. Pochi ya kadi isikae katikati ya simu na holda.

Na hili si la mzaha: mwenye kifaa cha moyo, cha kurekebisha mapigo au cha kushtua moyo, asizikaribie sumaku hizi. Mwongozo wa Apple ni zaidi ya sentimita 15 kati ya simu zenye pete ya sumaku na kifaa hicho, na zaidi ya 30 zikiwa zinachaji bila waya. Holda ya kwenye dashibodi kwa kawaida iko mbali kuliko hapo. Hatari ni mfuko wa shati mtu anaposhuka na simu, au holda yenyewe ikiwa imeng'olewa na kushikwa kifuani.

Kuitunza na kuing'oa

Sumaku hukusanya chembe za chuma, na kwenye vumbi la barabara zimo nyingi: zinatoka kwenye breki. Hujishika kwenye uso kama ndevu fupi na kukwaruza mgongo wa simu kila ukiiweka. Kitambaa kinazisogeza tu. Bandika tepu ya kawaida, bandua, rudia mpaka itoke safi. Baada ya hapo futa silikoni kwa maji ya sabuni, maana silikoni yenye vumbi inarudi kuwa plastiki laini na ile hesabu ya mwanzo inaanza upya.

Siku ya kung'oa kitako, usitumie bisibisi. Kipashe joto kwa mashine ya nywele dakika moja au mbili, pitisha uzi wa kusafishia meno au mshipi wa kuvulia samaki kati ya kitako na dashibodi, ukaukata povu kwa kwenda mbele na nyuma kama msumeno. Gundi inayobaki isugue kwa dole gumba mpaka ijiviringe yenyewe, na mabaki uyafute kwa spiriti, pale tu ulipokwisha kuhakikisha kwamba rangi inaihimili. Kwa kibati kwenye mgongo wa kioo, njia ni hiyohiyo, ila joto liwe dogo na betri iwe imepoa kwanza.